Naomba ushauri: ukuta wa bafu unagonga usiku

MwenyeNyumba: Habari za jioni, wakuu. Nilihamia nyumba yangu hapa Arusha mwezi wa nne, na kwa wiki tatu sasa ukuta unaotenganisha bafu na chumba cha kulala umekuwa ukitoa mlio, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha, kila yanapofunguliwa maji ya moto ya sola, hasa saa saba usiku. Nifanyeje nipate usingizi?

Mchemsha Sufuria: Mwenzetu analalamikia maji ya moto mwezi wa saba! Mimi naoga kwa ndoo na kopo, na ukuta wangu uko kimya kabisa.

FundiMstaafu: Kishindo kimoja unapofunga koki husababishwa na maji yenyewe, ila mlio wa mfululizo ni wa bomba linalorefuka. PPR ya kawaida, yaani bomba la plastiki la maji, hurefuka takriban milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1, kwa hiyo mita 4 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 hudai nafasi ya milimita 24. Zikibanwa hunasa, kisha huchomoka kidogo kidogo kwa mlio. Awali palikuwa kimya. Ulibadilisha nini?

MwenyeNyumba: Hakuna cha maana.

Mama Wawili: Mafundi wa bei rahisi ndio hao. Wa kwangu alipitisha bomba la jikoni nyuma ya kabati, nikalipa mara mbili.

FundiMstaafu: Ndugu, nimeuliza ulibadilisha nini.

MwenyeNyumba: Mende walikuwa wakishuka kutoka darini kupitia tundu la bomba, nikaliziba mwenyewe kwa saruji. Sidhani kama ndiyo sababu, na tayari fundi amechukua nusu ya fedha ili avunje ukuta mzima Jumamosi. Vigae vipya vimo garini.

Shaka Zulia: Nani anaoga maji ya moto saa saba usiku? Huyu ni muuza vigae anayetafuta wateja.

Mchemsha Sufuria: Au ni jini lenye kucha ndefu.

MwenyeNyumba: Mke wangu ni muuguzi, hurudi usiku kutoka zamu ya jioni. Nimepanda darini sasa hivi na tochi: saruji imefanya ufa kulizunguka bomba, na unga wake umemwagika juu ya mbao.

FundiMstaafu: Basi ondoa saruji hiyo tu, kwa patasi ndogo, bila kugusa bomba. Livishe sponji ya mabomba, acha nafasi, kisha ziba ukingo kwa silikoni, ambayo hunyumbulika. Na vibano vya darini vishike bila kukaza. Mlio ukiendelea, ndipo tuzungumzie ukuta.

Mama Wawili: Na fedha za fundi je?

MwenyeNyumba: Nimemaliza kutoa saruji. Usiku huu umelia mara mbili tu. Fundi anasema malipo ya awali hayarudi, na kwa kuwa silikoni sijanunua, mende wa kwanza amekwisha kushuka.