Programu ya kuchora inanikatia desimali zangu, halafu inadai mchoro haujafunga!

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Hii programu ya kuchora vipuri kwa kompyuta tunailipia kila mwaka, lakini kwenye kisanduku cha kipimo inashindwa hesabu ya sekondari.

Chukua mraba wa milimita 100, kisha weka kipande kingine kikae sawasawa kwenye ulalo wake. Urefu wa ulalo ni 100 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani 141.421356237 na kuendelea, desimali zisizokoma wala kujirudia. Naandika 100*sqrt(2), kisanduku kinakubali, kisha palepale kinageuza kuwa 141.421 na fomula inapotea. Siku nikibadilisha upande wa mraba uwe 120, ulalo unaganda kwenye 141.421 ileile. Nani aliomba kukadiriwa?

Halafu ndiyo balaa. Kilichokatwa ni karibu milimita 0.00036. Ni kidogo, lakini kuna programu zinazohesabu nukta mbili kuwa moja pale tu umbali kati yake usipozidi milimita 0.00001. Kwa hiyo ncha hazikutani, umbo haliwi mango (lenye ujazo), na napewa onyo jekundu eti mchoro wangu una pengo. Pengo umelitengeneza wewe!

Nikawaandikia watoa huduma. Jibu: "Tumia desimali 3, fundi wa mashine hataona tofauti." Kwenye chuma hataona, nakubali. Mimi nimekwama kwenye mchoro, kabla chuma hakijafika kwenye mashine. Tena makosa yanajumlishana: panga vipande 40 vya 141.421 mstari mmoja, tayari umepungukiwa milimita 0.014.

Na msiniambie kompyuta haiwezi kubeba namba isiyo na mwisho. Najua. Namba ya biti 64 hubeba tarakimu 15 hadi 16 za maana, na kwa kazi ya milimita 100 hizo zinatosha na kubaki. Tarakimu zimo ndani ya mashine, kisanduku ndicho kinazitupa.

Pai nayo haitambui kabisa, kwa hiyo watu wanaandika 3.14. Bati la kukunja bomba lenye kipenyo cha 500, kikipimwa katikati ya unene wa bati, linatakiwa urefu wa 1570.796. Kwa 3.14 unapata 1570. Hiyo milimita 0.8 mchomeleaji anaiona kwa macho yake!

Kwa sasa nachora mraba wenyewe kama mistari ya mwongozo, navuta ulalo, nafunga kipande kwenye ncha zake bila kuandika namba yoyote. Inafanya kazi, lakini ni kuzunguka mbuyu. Nikihitaji pembe kati ya ulalo wa mchemraba na uso wake wa chini, nyuzi 35.264 na kuendelea, inabidi nijenge mchemraba mzima wa mwongozo kwa ajili ya pembe moja. Huu ni upuuzi.

Ninachodai ni hiki: fomula ibaki kama nilivyoiandika. Onyesheni desimali 3 kwenye skrini mkitaka, lakini ndani hifadhini zote, na mkikata niambiwe kabla sijahifadhi faili.

Mwenye programu inayotunza fomula hadi mwisho, hata ukifunga faili na kulifungua tena, aitaje hapa. Nahama.