Mrejesho: lile boksi la Cohiba la shemeji

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuona: niliuliza kama ni halisi boksi la sigara 25 za Cohiba (zile sigara nene za Cuba za kusokotwa kwa majani ya tumbaku) ambalo shemeji alinunua mtaani Havana, kwa kijana aliyedai mama yake anafanya kazi kiwandani. Boksi lina kifuniko cha kioo.

Ni feki. Kile kioo peke yake kilitosha, kama mlivyonionya, maana Cohiba halisi haiji na kifuniko cha kioo. Lakini mimi mbishi, nikaendelea kupekua. Chini ya boksi halisi maneno "Habanos s.a." (kampuni inayouza sigara hizo), "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Cuba) na "Totalmente a mano" (kwa mkono kabisa) huwa yamechomwa kwenye mbao, na pembeni yake hapo hapo chini kuna muhuri wa wino wenye alama za kiwanda na mwezi kwa kifupi cha Kihispania, mfano ENE kwa Januari. Langu lina stika ya karatasi tu! Stempu ya kijani ya dhamana ipo, tena nzuri, ila namba yake nilipoijaribu kwenye tovuti ya Habanos haikutambulika.

Mwisho nikapasua moja kwa wembe. Sigara ya daraja lile hujazwa majani marefu kutoka ncha hadi ncha. Hii yangu ilimwaga vumbi na vijiti mezani, na kipande cha uzi.

Shemeji sijamwambia. Kila akija ananiuliza kama nimeshavuta, namjibu nazitunza kwa ajili ya harusi ya binti yake.