Land Rover ya kabureta: nibaki na pampu ya mekanika au nifunge ya umeme?

Muulizaji, Iringa
Habari za leo wakuu. Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25 yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambayo bado inatumia pampu yake ya mafuta ya asili iliyofungwa ubavuni mwa injini. Nikipanda mlima Kitonga saa saba mchana nikiwa na mzigo, injini hukohoa kisha huzima. Nikisubiri nusu saa, inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Fundi wangu anashauri tufunge pampu ya umeme iliyotolewa kwenye Corolla ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, usio na kabureta). Naomba kufahamishwa tofauti zake kabla sijatoa fedha.

Fundi mstaafu, Mbeya
Mkuu, dalili hiyo inafanana sana na petroli kugeuka mvuke njiani. Katika pampu yako, nundu ya kamshafti (mhimili unaozunguka ndani ya injini) husukuma mkono, mkono huvuta kiwambo cha mpira, na kiwambo huvuta petroli kutoka kwenye tangi. Kwa kuwa inavuta, shinikizo ndani ya bomba hushuka, na petroli yenye shinikizo dogo huchemka upesi, hasa inapopita karibu na injini iliyopata moto. Pampu ya EFI hukaa ndani ya tangi na kusukuma, kwa hiyo bomba lote huwa na shinikizo, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Wanaotembea kila siku taa ya mafuta ikiwaka huiunguza mapema.

Hata hivyo, hiyo ya Corolla usiifunge. Hutoa shinikizo la takriban psi 40 (psi ni kipimo cha shinikizo) au zaidi, wakati kabureta huhitaji chache tu, kwa kawaida zisizozidi 6.

Mchangiaji, Arusha
Naunga mkono, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwenye pikapu yangu. Sindano ya boya, inayofunga petroli kabureta ikijaa, ilishindwa kuzuia, petroli ikafurika na kudondokea kwenye manifoldi (mabomba ya ubavuni mwa injini yanayopata moto). Salama yangu ni kwamba injini ilikuwa bado baridi. Anayetaka ya umeme atafute ya shinikizo dogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta, aifunge karibu na tangi, na umeme wake upitie fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayokatwa na swichi ya shinikizo la oili. Ya mekanika husimama injini inapozima, lakini ya umeme isiyo na kinga huendelea kumwaga petroli hata gari likiwa limepinduka.

Fundi mstaafu, Mbeya
Kabla ya kununua chochote, chomoa bomba kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, kisha piga pampu kwa kile kimkono kilicho chini ya pampu yenyewe. Nusa pia kijiti cha kupimia oili: kikinuka petroli, huenda kiwambo kimepasuka.

Muulizaji, Iringa
Ahsanteni sana. Petroli imeruka vizuri kwenye chupa na oili hainuki. Nilichokikuta ni tope la kutu kwenye kikombe cha kioo cha pampu, na bomba la mpira lililokuwa limelalia ubavu wa injini, limekakamaa kama ukuni. Nimeosha kikombe, nimeweka bomba jipya na kulipitisha mbali na joto. Ijumaa napanda Kitonga tena, saa saba ileile, na mzigo uleule.