Mume Mkenya, mke Mtanzania, wote tuna grini kadi: nani aombe uraia wa Marekani, na lini?

Mchungwa_wa_Muheza:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba majibu ya wanaozijua sheria hizi, ya kijiweni nimeshayasikia ya kutosha.

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni Mkenya wa kuzaliwa. Tuliingia Marekani kwa bahati nasibu ya visa, kadi zetu zote nne za ukaazi wa kudumu (grini kadi) zina tarehe moja ya kuanza ukaazi, na miaka 5 inatimia baada ya miezi minne kutoka leo. Watoto ni wawili, wote wamezaliwa Tanga: mkubwa ana miaka 16 na miezi 9, mdogo ana miaka 9. Mume hajawahi kukaa nje zaidi ya wiki tatu. Mimi nilikaa Tanga siku 207 mfululizo.

Mali: kiwanja Tanga mjini chenye hati, na shamba la michungwa Muheza lenye hatimiliki ya kimila. Vyote kwa jina langu.

Je, tuombe sote kwa pamoja? Watoto wajaziwe fomu zao? Na ile safari yangu ya siku 207 ina madhara gani? Nawasilisha.

Karani_wa_Fomu:

Dada, usitazame jambo hili kama la watu wanne kujaza fomu nne. Kwa hali mliyonayo anatosha mmoja, naye ni mume. Kenya inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Akila kiapo yeye, hapotezi kitu kwao. Ukila wewe, unapoteza uraia wa Tanzania, na jina lako ndilo lililo kwenye hati zote mbili.

Watoto hawajazi kabisa N-400, ile fomu ya kuomba uraia. Chini ya sheria ya mwaka 2000 ya uraia wa watoto, mtoto mwenye grini kadi aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi aliye raia, anakuwa raia papo hapo mzazi anapokula kiapo. Hahojiwi wala hafanyi mtihani.

Sasa angalia kalenda ya huyo mkubwa. Ana miezi 15 tu kabla ya kufikisha 18. Kinachohesabika ni siku ya kiapo cha baba. Tarehe ya kutuma fomu na tarehe ya usaili hazimsaidii mtoto. Baba akila kiapo siku moja baada ya mtoto kutimiza 18, mtoto amekosa, na itabidi aombe mwenyewe kama mtu mzima.

Kwa hiyo msisubiri miaka 5 itimie. N-400 inapokelewa kuanzia siku 90 kabla. Hesabu siku zenyewe kutoka tarehe iliyo kwenye kadi, usihesabu "miezi mitatu", maana fomu ikiwahi hata kwa siku moja inakataliwa na mnaanza upya. Wengi huongeza siku mbili tatu za tahadhari.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza: N-400 ina sehemu ya kubadilisha jina. Mume asiiguse. Kubadilisha jina kunahitaji kiapo mbele ya hakimu, na mahakama ina ratiba yake. Mwenye mtoto wa miaka 17 hana muda huo. Tena jina la baba kwenye cheti cha uraia likitofautiana na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, unajiongezea kazi ya kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule.

Siku 207 zako: safari inayozidi miezi 6 lakini haijafika mwaka inawafanya maofisa wa uhamiaji wa Marekani wadhani umekatiza ukaazi. Dhana hiyo unaweza kuipangua kwa vielelezo: mkataba wa nyumba uliyoendelea kuilipia, ajira ambayo hukuiacha, mume na watoto waliobaki Marekani, ripoti za kodi ulizowasilisha kama mkaazi. Kama huombi sasa, litunze tu faili hilo. Safari ikifika mwaka mzima ndipo hesabu inavunjika kweli, na mtu husubiri miaka 4 na siku moja tangu aliporudi.

Kingine ni siku za kuwepo nchini, nazo zisipungue miezi 30 kati ya 60. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote huhesabiwa kuwa ulikuwapo.

Wa_Mto_Athi:

Upande wa Kenya nauongezea. Kifungu cha 16 cha Katiba ya 2010 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Hiyo ni wazi. Wengi wanachosahau ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011: ukishakuwa na uraia pacha, una miezi mitatu kuutangaza kwa idara ya uhamiaji. Usipofanya hivyo ni kosa, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Miezi hiyo inaanza siku ya kiapo, kwa hiyo bwana asingoje mpaka pasipoti ya Kenya iishe muda ndipo akumbuke.

Kama ana ndoto za siasa, Kifungu cha 78 kinamzuia ofisa wa serikali kuwa na uraia pacha. Gavana, mbunge, waziri, wote wamo.

Watoto, kwa sababu baba ni Mkenya, ni Wakenya wa kuzaliwa hata kama walizaliwa Tanga. Kama hawana pasipoti za Kenya, sajili mapema. Tanzania inamvumilia mtoto mwenye uraia zaidi ya mmoja, lakini akifika utu uzima sheria inamtaka achague. Huyo mkubwa wenu angelikuta swali hilo hata kama Marekani isingekuwapo.

Na kabla mtu hajakushauri, dada: mke wa Mkenya anaweza kuomba kusajiliwa kuwa Mkenya baada ya miaka 7 ya ndoa. Usiione kama njia ya kukwepa. Kwa Tanzania uraia wa Kenya nao ni uraia wa kigeni, ukiuomba mwenyewe unaweza kuupoteza wa Tanzania.

Kigogo_cha_Mbuyu:

Mnajichosha bure. Ale kiapo, achukue pasi ya Marekani, ya Tanzania abaki nayo mfukoni akae kimya. Nani atajua?

Karani_wa_Fomu:

Mkuu, ushauri huo unakwama palepale kaunta ya uwanja wa ndege, na sababu yake ni ya kawaida tu.

Siku ya kiapo grini kadi inakusanywa. Huingii ukumbini ukatoka nayo. Kuanzia hapo, kitu pekee kinachokuruhusu kurudi Marekani ni pasipoti ya Marekani, na sheria yao inamtaka raia aingie kwa hiyo. Haya, sema ameingia Dar kwa pasi ya Tanzania. Siku ya kuondoka shirika la ndege halimpi tiketi ya kupandia bila hati ya kuingilia Marekani. Anatoa ya Marekani. Hatua chache mbele yuko kwa afisa wa uhamiaji na pasi ya Tanzania isiyo na viza ya Marekani, na kadi ya ukaazi hana. Swali ni moja tu: "Unaingiaje huko unakokwenda?" Ukijibu kweli, umejitaja. Ukidanganya, umeongeza kosa juu ya kosa, kwa sababu kutumia pasipoti ya nchi ambayo wewe si raia wake tena ni kosa lenyewe.

Anayeamua kula kiapo, aende kwa njia iliyonyooka: arudishe pasipoti ya Tanzania ubalozini, kisha aingie kwa viza. Kwa mwenye pasi ya Marekani viza ya kawaida ni dola 100, ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na kila ukaaji hauzidi miezi mitatu. Akivuka kwenda Unguja, bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 iko palepale, hata kama bibi yake kazikwa Makunduchi.

Hatimiliki:

Nizungumzie ardhi tu, maana ndipo penye maumivu.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wa sheria ya uwekezaji. Kiwanja cha kujengea nyumba ya uzeeni si uwekezaji. Shamba la Muheza ndilo gumu zaidi: hatimiliki ya kimila inatolewa na halmashauri ya kijiji kwa raia, na kijijini hakuna siri. Siku kukitokea mgogoro wa mpaka, jirani atakayekutaja kuwa "Mmarekani" mbele ya baraza ni yuleyule uliyemwachia ulinzi wa michungwa.

Kwa hiyo kama siku moja utaamua kula kiapo, mpangilio ni ardhi kwanza, kiapo baadaye. Uhamisho ufanyike ukiwa bado raia: fomu zimesainiwa mbele ya wakili, kodi ya pango la ardhi imelipwa, hati mpya imetoka kwa jina la anayepokea. Mume hawezi kupokea, si raia wa Tanzania. Watoto ni wadogo na uraia wao ndio huo wa kuchagua kesho kutwa. Anabaki ndugu wa damu, na hapo unajua mwenyewe unamwamini nani. Karatasi ya pembeni ya kusema "hili shamba kwa kweli ni langu" haikulindi, kwa sababu inakiri kwamba mwenye mali ni mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo.

Kuhusu hadhi maalum ya Tanzania kwa wenye asili yake waliochukua uraia wa nje: kwanza si uraia, hupigi kura wala hugombei. Pili, usile kiapo kwa kutegemea kadi ambayo bado hujaishika mkononi.

Jambo dogo la pembeni: Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania njia nyepesi ya kuomba uraia. Mume mgeni hana njia hiyo. Mkistaafia Tanga, mzee atakaa kwa kibali, na kibali hicho kitategemea wewe kuwa raia. Sababu nyingine ya kutoharakisha.

Mchungwa_wa_Muheza:

Shukrani sana wakuu, nimeelewa. Mawili yamebaki. Nikibaki na grini kadi wakati mume ni raia, nakosa nini hasa? Na gharama zikoje, maana tumesikia dola 760.

Karani_wa_Fomu:

Unachokosa: kupiga kura, kazi nyingi za serikali kuu, na uwezo wa kumwombea mzazi ukaazi. Mzazi anaombewa na mwanaye raia aliye na miaka 21 au zaidi, na mkwe hawezi kuomba kwa niaba yako. Kama mpango ni kumleta mama, hilo lina uzito kuliko yote. Pia ukaazi unaweza kunyang'anywa kwa makosa fulani ya jinai au kwa kukaa nje mno. Ukijua utakaa nje kati ya mwaka mmoja na miwili, omba kibali cha kurejea kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani. Faraja yako ni kwamba ukiipoteza kadi kwa kukaa nje, mume raia anaweza kukuombea upya, na mke wa raia hasubiri foleni ya miaka.

Kodi haibadiliki mkiwa hapa. Mwenye grini kadi na raia wote hutangaza mapato ya dunia nzima, hata pesa ya kupangisha nyumba Tanga ikiwamo. Akaunti za nje zikifika zaidi ya dola 10,000 kwa jumla siku yoyote ya mwaka, zinatolewa taarifa. Tofauti ni kwamba raia anaendelea kutangaza hata akihamia Muheza moja kwa moja.

Ada: dola 710 kwa mtandao, 760 kwa karatasi. Ila kuna ya 380 kwa kaya yenye kipato kisichozidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini. Kwa viwango vya 2025, kaya ya watu wanne ilikuwa dola 128,600, kwa hiyo familia nyingi za wafanyakazi wa kawaida zinaingia na hazijui. Sharti ni kutuma kwa karatasi pamoja na uthibitisho wa kipato.

Mtihani wa uraia kwa fomu zilizotumwa kuanzia 20 Oktoba 2025: maswali 128 ya kusoma, unaulizwa hadi 20, unahitaji 12. Vitabu vya zamani vya maswali 100 msinunue. Akishindwa anapewa nafasi moja tu ya kurudia, ndani ya siku 60 hadi 90, na siku hizo zinakatwa kwenye muda wa mtoto.

Baada ya kiapo, usikimbilie fomu N-600 ya kuombea cheti cha uraia cha mtoto, ni dola 1,335 kwa kila mmoja kwa mtandao. Anzeni na pasipoti: mkubwa, kwa kuwa ameshapita 16, analipa dola 165 na inadumu miaka 10, mdogo 135 kwa miaka 5. Beba cheti cha uraia cha baba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachomtaja baba, cheti cha ndoa, na grini kadi ya mtoto.

Wa_Mto_Athi:

Moja la mwisho, na hili ni kwako dada unayebaki na kadi, na kwa bwana mpaka siku ya kiapo. Ukienda kuhuisha leseni ya udereva, mashine inauliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, na swali linafuatiwa na jingine la kuthibitisha uraia. Watu hubonyeza "ndiyo" mfululizo kama wanaokubali masharti ya simu mpya. N-400 inauliza kama umewahi kujiandikisha kupiga kura, na kama umewahi kudai kuwa raia. Kudai uraia ambao huna ni miongoni mwa mambo machache ambayo karibu hayana msamaha. Mwambieni na huyo kijana wa miaka 16, kwa sababu leseni yake ya kwanza ataifuata kabla baba hajala kiapo.