Kikundi cha Majirani, Mikindani: Neema na sauti ya roki

Mama Neema: Bwana asifiwe jamani. Neema amepewa nyimbo nne tamasha la vijana, naye anataka kuimba kama Lacey Sturm, mwimbaji wa Flyleaf, bendi ya roki ya Marekani, ule mtindo wa kunguruma. Koo lake ndilo linanitia wasiwasi. Shangazi Dama, Baraka, mwasemaje?

Shangazi Dama: Amina mama. Aanze na kusikiliza vizuri. Watu hushika ile ngurumo wakasahau kwamba Lacey huimba ubeti kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona, kisha ndio afungue kiitikio. Albamu ya kwanza ya Flyleaf, ya 2005, yaonyesha hivyo. Ngurumo yenyewe ni mistari michache. Akinguruma wimbo mzima, haina uzito tena na koo limekwisha.

Neema: Shikamoo Shangazi. Sasa ile sauti ya kukwaruza yatoka wapi?

Shangazi Dama: Marahaba mwanangu. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine ya nyama. Hiyo ndiyo itikisike, si kubana nyuzi zenyewe. Pumzi itoke tumboni, kidogo kidogo, na shingo iwe laini. Sauti iwe ndogo mwanzo. Ukubwa utaongezwa na maiki. Ukisikia kuwashwa, kukohoa au maumivu, acha siku hiyo. Hakuna "vumilia" hapo.

Shangazi Dama: Kabla ya kuimba, dakika 15 za kupasha koo: tetemesha midomo, kisha vuma kupitia mrija uliotumbukizwa sentimita 2 au 3 ndani ya glasi ya maji, ukipanda na kushuka. Baada ya jukwaa rudia taratibu. Na usinong'one kupumzisha sauti, kunong'ona nako huchosha. Nyamaza tu.

Mjomba Katana: Na viazi karai vya pilipili usiku, Neema, acha wiki hiyo. Asidi ikipanda kutoka tumboni huchoma nyuzi ukiwa umelala. Maliza kula masaa matatu kabla ya kulala. Feni nayo isikupige usoni.

Baraka: Mama Neema, shida kubwa jukwaani ni kutojisikia. Gitaa likimzidi, atapiga kelele bila kujua. Monita, ile spika ya mwimbaji kujisikia, iwe nyuma ya maiki kabisa, ikimtazama yeye, maana maiki za kawaida za kuimbia hazisikii vizuri upande wa mkia. Na asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja! Wanaroki wengi hufanya hivyo, ndipo maiki inapopiga mluzi, kwa sababu sasa yachukua sauti kila upande.

Baraka: Midomo iwe sentimita 3 hivi. Akinguruma asogee nyuma kidogo tu, akienda mbali sauti inakuwa nyembamba. Kwenye meza ya sauti nitakata besi chini ya hezi 100, niweke na kompresa, inayopunguza sauti inapopanda ghafla, 4 kwa 1. Gitaa tulipunguze, hilo tutagombana na wapigaji lakini lazima.

Mama Neema: Na baadaye? Hii ni kazi au ni ya ujana tu?

Mjomba Katana: Tazama Lacey mwenyewe. Flyleaf ilianza Texas 2002. Aliondoka 2012, akiwa tayari mama, mwaka uleule albamu yao ya tatu ilipotoka. 2016 akatoa albamu yake peke yake, ikaingia namba 1 chati ya Billboard ya roki nzito. 2022 akarudi bendini. Koo lililotunzwa ndilo lililomwezesha kuondoka na kurudi.

Mjomba Katana: Nyimbo za Neema mwenyewe zisajiliwe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kupakiwa mtandaoni. Andikeni karatasi: nani ametunga maneno, nani muziki, kila mmoja asilimia ngapi, na wote watie sahihi. Ugomvi wa bendi huanzia hapo.

Shangazi Dama: Neema, sauti ikikauka ikapita wiki mbili au tatu, twende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usisubiri.

Neema: Sawa Shangazi. Ule wimbo wa pili u juu sana kwangu.

Baraka: Ushushe nusu hatua. Waambie wapiga gitaa leo, waweke nyuzi mpya pia, chumvi ya bahari imezila zile za zamani.

Shangazi Dama: Na uwe wa mwisho, si wa pili. Wimbo wa kunguruma usubiri koo lipate joto.