Naomba ushauri: nyumba ya kupanga kwa mfanyakazi Mwingereza anayehamia Dar

Habari zenu wakuu. Kazini anakuja mhandisi Mwingereza, mkataba wa miaka 2. Vibali haviniumizi kichwa: kinaanza cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha cha ukaazi daraja B Uhamiaji. Akigusa kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, hilo hatuchezei.

Shida ni nyumba. Mwenye nyumba wa Mikocheni anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na mkataba kauandika kwa dola ilhali kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za fedha za kigeni. Nimwombe aandike upya kwa shilingi, au kuna njia nyingine salama?

Halafu mita ya LUKU ni moja kwa nyumba mbili. Ukiingiza zile tarakimu 20, uniti zinaliwa na AC ya jirani pia. Mita ndogo ya ndani inatosha, au nidai ya TANESCO kabla ya kusaini? Mimi naona nidai.

Soketi ni zilezile za Uingereza, pini 3 bapa, adapta hahitaji. Ila umeme ukirudi ghafla huunguza friji: stabilaiza ya ukubwa gani inafaa?