Mrejesho: Manta au Mobula?

Wakuu, niliuliza kwa nini kitabu kimoja kinaandika Manta birostris na kingine Mobula birostris, je, ni samaki aina ya taa wawili tofauti? Asanteni sana, nimefuatilia. Ni samaki yuleyule. Mwaka 2017 watafiti waliifuta jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Manta, kwa sababu vinasaba vilionyesha manta wamechipuka ndani ya tawi la Mobula. Familia imebaki Mobulidae.

Zamani hoja kubwa ya kuwatenganisha ilikuwa mdomo: wa manta uko mbele kabisa, wa Mobula wengine uko chini ya kichwa.

Na birostris asichanganywe na alfredi, spishi nyingine ya manta; walitenganishwa 2009. Tazama mgongoni, kati ya mabaka meupe ya mabegani: weusi wa birostris unachora T, wa alfredi Y. Picha niliyowaonyesha nilipouliza ina Y safi kabisa, yaani ni alfredi.